Boethius: Mwanafalsafa Aliyefarijiwa Gerezani



Kila frateri anayesoma falsafa ameulizwa swali hili walau mara moja akiwa likizo: hiyo falsafa inasaidia nini? Teolojia watu wanaielewa, maana padre atahubiri, atabatiza, atazika. Lakini falsafa? Mimi niliulizwa na shangazi yangu, na hakuuliza kwa utani. Alikuwa amemkopesha mfanyabiashara mmoja magunia 18 ya mahindi, karibu mavuno yake yote ya mwaka ule, na mtu yule akatoweka. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Akataka nimweleze, mimi niliyesoma, kwa nini mwizi ajenge nyumba wakati mjane aliyeamka alfajiri kwenda shambani anabaki mikono mitupu.

Nikamweleza. Nilikuwa nimetoka kwenye mitihani na kila kitu kilikuwa bado kichwani. Nikamwambia kwamba mali ni kitu cha kupita, kwamba heri ya kweli haiwezi kuwa katika kitu kinachoibika, kwamba uovu ni upungufu wa wema. Alinisikiliza hadi mwisho, akanishukuru kwa heshima kama anavyomshukuru katekista, akainuka kwenda kutazama sufuria. Jioni ile hakuzungumza nami tena.

Yote niliyosema yalikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonisumbua. Niliporudi seminarini nilikichukua tena kitabu ambacho nilikuwa nimekisoma haraka haraka kwa ajili ya mtihani, nacho ni Faraja ya Falsafa, kilichoandikwa na mtu aliyekuwa gerezani akingoja kuuawa. Kumbe mengi niliyomwambia shangazi nilikuwa nimeyatoa humo. Lakini sikuwa nimeangalia yanasemwa lini na baada ya nini. Ndiyo maana nimeona nisimulie maisha ya mwandishi wake.

Anicius Manlius Severinus Boethius alizaliwa kabla tu ya mwaka 480, katika mojawapo ya familia kubwa za Roma. Kaisari wa mwisho wa Magharibi alikuwa ameondolewa madarakani mwaka 476, na Italia sasa ilitawaliwa na wafalme wenye asili ya Kijerumani. Tangu mwaka 493 mtawala alikuwa Theodoriko, mfalme wa Wagothi wa Mashariki, aliyekaa Ravenna. Wagothi walikuwa Wakristo, lakini walifuata mafundisho ya Ario. Waroma waliendelea na Seneti yao, makonsuli wao na sherehe zao, huku majeshi yakiwa mikononi mwa Wagothi. Kwa miaka mingi mpango huo ulikwenda vizuri kuliko mtu angetarajia.

Baba yake, aliyekuwa konsuli mwaka 487, alifariki Boethius akiwa bado mtoto. Yatima huyo alilelewa na Symmachus, mzee wa Seneti aliyeheshimika kwa elimu na uadilifu. Alipokua, Boethius alimwoa binti wa mlezi wake, Rusticiana. Nakuomba, msomaji, uyashike majina haya mawili, Symmachus na Rusticiana, kwa sababu tutayakuta tena.

Wakati ule Waroma waliojua Kigiriki vizuri walikuwa wamebaki wachache, na Boethius alikuwa mmoja wao. Aliona wazi kwamba kizazi kinachofuata hakitaweza kumsoma Plato wala Aristotle. Akajipangia kazi ambayo hata leo ingetosha chuo kizima: kutafsiri kwa Kilatini maandishi yote ya Aristotle aliyoweza kuyapata, na majadiliano yote ya Plato, kisha kuonyesha kwamba katika mambo makuu wawili hao wanakubaliana. Hakuimaliza. Hata hivyo vitabu vya mantiki alivyotafsiri na kuvifafanua ndivyo vilivyoifundisha Ulaya kufikiri kwa karne nyingi. Aliandika pia juu ya hesabu na muziki, pamoja na vijitabu vya teolojia juu ya Utatu Mtakatifu na juu ya Kristo kuwa Mungu kweli na mtu kweli. Sisi wanafunzi tunamfahamu hasa kwa maana ya neno nafsi inayotoka katika kijitabu kimojawapo, ile tunayoikariri na kuiandika katika kila mtihani.

Nilikuwa nikimwona kama mtu wa maktaba tu. Sivyo. Kuna barua zilizoandikwa kwa jina la Theodoriko na katibu wake Cassiodorus, na baadhi yake zinamhusu Boethius. Katika mojawapo mfalme anamwomba asimamie utengenezaji wa saa mbili, moja ya maji na nyingine ya jua, ziwe zawadi kwa mfalme wa Waburgundi. Katika nyingine anaombwa kumchagua mpiga kinubi hodari wa kupelekwa kwa Clovis, mfalme wa Wafaranki. Barua ninayoipenda zaidi inahusu mishahara. Askari walinzi walilalamika kwamba mtunza hazina anawalipa kwa sarafu zilizopungua uzito, na Boethius akatakiwa kuchunguza. Mtaalamu wa hesabu na mantiki anaitwa kwa sababu askari wameibiwa. Anayedhani falsafa haina kazi sokoni asome barua hiyo.

Mwaka 510 akawa konsuli. Mwaka huohuo alikuwa akifafanua kitabu cha Aristotle juu ya makundi ya mambo. Humo anaeleza kwamba shughuli za cheo zinambana, lakini kuwapa wananchi wenzake elimu ni sehemu ya utumishi wake kwao. Ni wazi kwamba kwake dawati la kuandikia na kiti cha serikali havikuwa mahali pawili tofauti.

Alichukua kwa uzito wazo la Plato kwamba mataifa yatapona pale wenye hekima watakapokubali kutawala, ili uongozi usiachwe kwa wabaya. Wazo hilo lilimgharimu. Akiwa na madaraka alisimama mbele ya wakubwa wa Kigothi waliokuwa wakiwanyang'anya wanyonge mali zao. Wakati wa njaa, serikali ilitaka kuwalazimisha watu wa mkoa wa Campania kuiuzia nafaka kwa masharti ambayo yangewafilisi kabisa. Boethius alipingana na afisa mkuu aliyehusika, akaipeleka kesi hadi kwa mfalme mwenyewe, akashinda. Niliposoma habari hiyo ya nafaka nilimkumbuka shangazi.

Mwaka 522 ulikuwa kilele cha maisha yake. Wanawe wawili waliteuliwa kuwa makonsuli kwa pamoja, wangali vijana wadogo. Boethius aliketi kati yao mbele ya umati wa Roma, akagawa zawadi kwa watu, akatoa hotuba ya kumsifu mfalme. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa mkuu wa shughuli zote za ikulu.

Haukupita muda mrefu mambo yakageuka. Mzee mmoja wa Seneti aitwaye Albinus alishtakiwa kwamba ameandikiana barua na Kaisari wa Konstantinopoli dhidi ya Theodoriko. Mfalme alikuwa amezeeka na alikuwa na wasiwasi. Kaisari wa Mashariki sasa alikuwa Mkatoliki aliyepatana na Papa, na mfalme aliyemfuata Ario alianza kuwatilia shaka raia wake Wakatoliki. Boethius alisimama hadharani akamtetea Albinus, akasema kwamba kama Albinus ana hatia, basi yeye mwenyewe na Seneti nzima wanayo. Ilikuwa hoja ya mtu mwenye uhakika kwamba mashtaka ni ya uongo. Washtaki wakaipokea kama ilivyosemwa, wakamwongeza na yeye.

Walidai kwamba alizuia ushahidi dhidi ya Seneti usimfikie mfalme. Wakatoa barua za kutamani uhuru wa Roma, ambazo yeye alisema zilikuwa za kughushi. Wakaongeza kwamba alitumia uchawi ili apate cheo, na hapo kusoma kwake falsafa kukawa ushahidi dhidi yake, maana mtu anayejua mwendo wa nyota na sauti za namba huenda anajua na mengine. Alihukumiwa kifo bila kusikilizwa, akiwa mbali sana na Roma. Seneti, ileile aliyokuwa akiitetea, ikapitisha hukumu.

Alifungwa huko Pavia, kaskazini mwa Italia. Hapo akaandika Faraja ya Falsafa, vitabu vitano vifupi vinavyochanganya maelezo na mashairi.

Mwanzoni mwa kitabu Boethius analia. Ana mvi kabla ya wakati wake, anaandika mashairi ya huzuni, na Miungu wa Mashairi wamezunguka kitanda chake wakimpa maneno ya kulilia. Mara anamwona mwanamke mwenye macho makali, mzee kwa umri lakini mwenye nguvu za ujana, amevaa vazi alilolifuma mwenyewe. Vazi hilo lina vumbi la kusahauliwa, nalo limechanwa na watu waliojinyakulia kila mmoja kipande chake. Huyo ni Falsafa. Anawafukuza wale Miungu kwa hasira, kwa sababu wanamzoesha mgonjwa ugonjwa wake badala ya kumponya.

Baada ya hapo ndipo linapokuja jambo ambalo mimi nililiruka nilipokuwa nasomea mtihani. Falsafa anaketi mwishoni mwa kitanda. Anachukua pindo la vazi lake na kumfuta Boethius machozi. Kisha anamwambia aonyeshe kidonda kama anataka daktari amsaidie. Na Boethius anaongea. Anaeleza kesi yake yote: mkoa wa Campania, Albinus, barua za kughushi, majina ya walioshtaki, usaliti wa Seneti. Kurasa nyingi. Anamlalamikia hata Mungu, anayeziongoza nyota kwa utaratibu na kuwaacha wanadamu wapelekwe hovyo. Falsafa anasikiliza yote bila kumkatiza na bila kubadilika uso.

Anapoanza kujibu, hamwekei mafundisho mbele. Anamuuliza maswali mafupi, kama daktari anayeshika mapigo ya moyo. Je, anaamini ulimwengu unaendeshwa na bahati nasibu, au kuna akili inayouongoza? Boethius anajibu kwamba Mungu anauongoza, hilo hajawahi kulitilia shaka. Falsafa anafurahi, maana amepata cheche ndogo ya kuwashia moto. Lakini anagundua pia kwamba mgonjwa wake amesahau mwisho wa mambo yote ni nini, na amesahau yeye mwenyewe ni nani. Kwa hiyo anaamua kuanza na dawa nyepesi. Dawa kali mwili wake usingeipokea bado.

Dawa nyepesi ni yale mazungumzo maarufu juu ya Bahati na gurudumu lake. Bahati hakukudanganya, Falsafa anamwambia. Kugeuka ndiyo tabia yake, na ulipokubali vya kwake ulikubali na kugeuka kwake. Boethius anajibu kwamba maneno hayo ni matamu yanaposikika, lakini yakishanyamaza tu, huzuni inarudi na uzito wake uleule. Falsafa hakasiriki. Anakubali kabisa. Anasema hizo si dawa za kuponya bado, ni za kutuliza maumivu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa muda. Mimi nilianza na dawa ya mwisho, kisha nikashangaa mgonjwa kuinuka na kwenda jikoni.

Jambo la kwanza la maana analomkumbusha si hoja, ni watu. Symmachus yu hai, mzee ambaye Boethius angetoa maisha yake mwenyewe kwa ajili yake, naye anawalilia wengine bila kujijali. Rusticiana yu hai, amekonda kwa machozi ya kumlilia mumewe. Wanawe wako. Mtu mwenye hao hajaishiwa.

Kuanzia kitabu cha tatu ndipo dawa inakuwa kali. Mali, vyeo, ufalme, sifa na anasa vinachunguzwa kimoja kimoja, na kila kimoja kinaonekana kuahidi kitu kisichoweza kukitoa. Katikati kabisa ya kitabu Falsafa anasali, kisha anaonyesha kwamba heri kamili na Mungu ni kitu kimoja. Kitabu cha nne kinauliza swali la shangazi yangu karibu neno kwa neno: kwa nini waovu wanastawi. Cha tano kinahusu maarifa ya Mungu na hiari ya mwanadamu, ni kigumu, na sitajaribu kukifupisha hapa.

Wasomaji wengi wamejiuliza kwa nini Mkristo aliyekuwa akingoja kifo hakulitaja jina la Kristo hata mara moja katika kitabu hicho. Wengine walifikia hata kusema kwamba huenda hakuwa Mkristo wa kweli. Vijitabu vyake vya teolojia vinatosha kuwajibu. Mimi naona alitaka kwenda kwa miguu sehemu ile ya njia ambayo akili ya mwanadamu inaweza kuitembea, ili hata asiyeamini aweze kutembea naye. Kurasa za mwisho zinazungumzia sala na tumaini kwa Mungu, kwamba haviwezi kuwa bure. Hapo kitabu kinaishia.

Aliuawa mwaka 524 au muda mfupi baadaye. Habari za kale zinasema alikazwa kamba kichwani kwa muda mrefu, kisha akamalizwa kwa rungu. Baada yake Symmachus naye akauawa, kwa hofu kwamba uchungu wa kumpoteza mkwewe ungemfanya apange jambo dhidi ya mfalme. Mwezi Mei 526 Papa Yohane I alifia kizuizini huko Ravenna, na Theodoriko mwenyewe akafariki Agosti mwaka huohuo. Mwanahistoria Procopius anasimulia kwamba mfalme aliandaliwa samaki mkubwa mezani, akakiona kichwa chake kama uso wa Symmachus unaomtazama kwa meno yaliyong'ata mdomo, akatetemeka, akapanda kitandani akilia kwa aliyowatendea wawili hao. Labda ni hadithi ya watu. Inaonyesha walivyolikumbuka jambo hilo.

Kuhusu Rusticiana, Procopius anatuambia zaidi. Vita vilipoikumba Italia na Roma ikazingirwa, mjane huyo aligawa mali yake kwa wenye njaa. Wagothi wa mfalme Totila walipouingia mji mwezi Desemba 546, yeye pamoja na watu wengine wa Seneti walikuwa wamevaa nguo za watumwa na wakulima, wakigonga milango ya maadui kuomba mkate, wala hawakuona aibu. Baadhi ya Wagothi walitaka auawe, wakisema aliwahonga makamanda wa Kirumi wabomoe sanamu za Theodoriko ili alipize kisasi cha baba yake na mumewe. Totila alikataa asiguswe. Kwa hiyo binti wa konsuli, mke wa konsuli na mama wa makonsuli wawili aliishia kuombaomba katika mji wake, na pengine moyo wake ulikuwa bado haujasamehe. Kama aliwahi kukisoma kitabu cha mumewe, hatuambiwi.

Wengine walikisoma. Mfalme Alfred wa Uingereza alihusishwa na tafsiri yake katika Kiingereza cha kale, na Malkia Elizabeth I alikitafsiri mwenyewe mwaka 1593. Mtakatifu Thomaso wa Akwino alifafanua vijitabu vyake viwili vya teolojia. Dante anaeleza kwamba alikitafuta kitabu cha Faraja baada ya kifo cha Beatrice, na baadaye akamweka Boethius mbinguni, kati ya wenye hekima, katika duara moja na Thomaso. Watu wa Pavia walimheshimu kama mtakatifu tangu zamani, na mwaka 1883, wakati wa Papa Leo XIII, Kanisa lilithibitisha heshima hiyo. Anakumbukwa huko tarehe 23 Oktoba. Mifupa yake imo katika kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro, kanisa lilelile lenye masalia ya Mtakatifu Augustino.

Likizo ijayo nitakwenda tena kwa shangazi. Utakuwa wakati wa kupukuchua mahindi, kazi inayochukua siku nzima na isiyohitaji mtu kutazamana na mwenzake. Nimekusudia kuketi naye kwenye mkeka na kumwomba anisimulie upya, tangu gunia la kwanza.